Moyo wa ukoo: historia ya familia ni jambo moja, undugu wa wazazi ni jingine

Fomu ya kliniki ya moyo huwa na mstari unaojazwa haraka kuliko yote: "Je, kuna mtu katika familia yako aliyewahi kuugua moyo?" Mgonjwa anatia alama kwenye Ndiyo, anageuza ukurasa, anaendelea na uzito na urefu wake. Lakini "ndiyo" hiyo inaweza kuwa babu aliyefariki usingizini akiwa na miaka 84. Inaweza pia kuwa kaka aliyeanguka uwanjani akiwa na miaka 31, akazikwa, na hadi leo nyumbani wanasema tu kwamba siku yake ilikuwa imefika. Kwa daktari, habari hizi mbili ni mbali na mbali, ila alama moja ya kalamu imezifanya zifanane.

Kuna swali la pili ambalo mtu mzima haulizwi mara nyingi, ingawa mzazi anayempeleka mtoto mchanga kwa daktari wa moyo huulizwa: je, baba na mama wa mgonjwa wana undugu wa damu? Maswali haya yanakaa jirani, na watu huyachanganya. Wapo wanaosema, "Wazazi wangu ni mabinamu, kwa hiyo moyo ni ugonjwa wetu." Wapo wanaosema, "Wazazi wangu hawakuwa na undugu wowote, kwa hiyo mimi sina cha kurithi." Kauli ya kwanza humtia mtu hofu kubwa kuliko anayostahili. Ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi, maana humlaza usingizi mtu ambaye pengine ana kila sababu ya kwenda kupimwa.

Alikuwa na miaka mingapi?

Madaktari wanapozungumzia historia ya familia hawaanzi na ukoo mzima. Wanaanza na ndugu wa daraja la kwanza: baba, mama, kaka na dada wa damu, na watoto wa kuwazaa. Kisha wanauliza umri. Kipimo kinachotumika sana ni mwanamume aliyepatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya miaka 55, au mwanamke aliyepatwa kabla ya miaka 65. Pengo hilo la miaka kumi lipo kwa sababu wanawake kwa kawaida huchelewa kuugua mishipa ya moyo, na huanza kuwakaribia wanaume baada ya hedhi kukoma.

Kwa nini umri? Mishipa ya damu huchakaa kwa kila mtu. Mafuta hujikusanya kidogo kidogo kwenye kuta za ateri kwa miaka na miaka, mpaka siku moja utando unapasuka, damu inaganda juu yake na njia inaziba. Mtu wa miaka 80 amekuwa na muda wa kutosha kufikia hapo hata kama hakurithi kitu chochote cha ajabu. Wa miaka 40 hakuwa na muda huo. Kuna kitu kimeiharakisha safari yake. Huenda ni sigara, huenda ni kisukari, lakini hapo ndipo urithi unapostahili kushukiwa. Ukipata nafasi ya kumuuliza shangazi yako swali moja tu kuhusu kifo cha babu, muulize babu alikuwa na miaka mingapi.

Tatizo ni kwamba kumbukumbu za familia hazina uhakika. "Presha ilimpanda." "Kifua kilimbana." "Alianguka tu." Nyuma ya maneno hayo mara nyingine kuna mshtuko wa moyo, mara nyingine kiharusi, mara nyingine donge la damu lililoziba mapafu. Ndiyo maana utafiti wa Framingham, mji ulioko katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, una thamani kubwa katika habari hii. Ulianza mwaka 1948 kwa watu wazima 5,209. Mwaka 1971 wakaingizwa watoto wao pamoja na wenzi wa watoto hao, na mwaka 2002 wajukuu wakaanza kuandikishwa. Ugonjwa wa mzazi haukutegemea kumbukumbu ya mwanawe, kwa sababu madaktari wa utafiti wenyewe walikuwa wakiufuatilia na kuuandika miaka yote hiyo.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba mwanamume ambaye mzazi wake aliugua mapema alikuwa na hatari ya kuugua inayokaribia mara mbili ya mwanamume asiye na historia hiyo. Kwa mwanamke ilikuwa karibu mara 1.7. Na hapo tayari hesabu ilikuwa imezingatia shinikizo la damu, kolesteroli, sigara na vihatarishi vingine vinavyojulikana. Utafiti wa INTERHEART, uliokusanya wagonjwa wa mshtuko wa moyo na watu wa kulinganisha nao kutoka nchi 52, ulifika karibu na hapo hapo: mzazi aliyewahi kupata mshtuko wa moyo humwongezea mtoto uwezekano wa kuupata kwa takriban mara 1.8. Wazazi wote wawili wakiwa waliupata kabla ya kufika miaka 50, uwezekano huo ulizidi mara sita. Inaonekana basi kwamba historia ya familia ina viwango, kutoka doa dogo hadi kengele ya hatari, na fomu yenye Ndiyo na Hapana haiwezi kuvibeba.

Damu au nyumba?

Mtu makini atauliza: si wazazi na watoto huishi pamoja? Wanakula chungu kimoja, wanavuta moshi wa sigara ile ile ya baba, wanabeba msongo ule ule wa maisha. Tutajuaje kwamba ni damu na si nyumba?

Jibu zuri lilitoka kwa mapacha. Nchini Sweden kuna daftari la mapacha lililotunzwa kwa miaka mingi, na mwaka 1994 watafiti walichapisha habari za mapacha 21,004 waliozaliwa kati ya 1886 na 1925. Pacha wa kufanana wana vinasaba vile vile. Pacha wasiofanana wanashirikiana nusu tu, kama ndugu wengine wa tumbo moja, lakini nao wamelelewa katika nyumba moja. Pacha mwanamume alipokufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya miaka 55, hatari ya mwenzake kufa kwa ugonjwa huo ilikuwa karibu mara nne kwa wasiofanana, na karibu mara nane kwa wanaofanana, ikilinganishwa na mwanamume ambaye pacha wake hakufa mapema namna hiyo. Kama nyumba ndiyo ingekuwa kila kitu, tofauti hiyo isingekuwepo.

Hata hivyo, kadiri umri wa kifo cha pacha wa kwanza ulivyosogea mbele, ndivyo uzito wake kwa mwenzake ulivyopungua. Tunarudi tena kwenye umri.

Vijiti vingi, au gogo moja

Urithi wenyewe huja kwa njia mbili zilizo tofauti sana. Ya kwanza ni ya vijiti vidogo vingi. Mwaka 2007 makundi kadhaa ya watafiti, kwa wakati mmoja, yaligundua sehemu ya kromosomu ya 9, mojawapo ya nyuzi zinazobeba vinasaba, ambayo huongeza kidogo hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo. Tangu hapo sehemu za namna hiyo zimeendelea kugunduliwa, na leo zimepita mia. Kila moja husukuma kidogo tu. Karibu kila binadamu anazo baadhi, na anayekusanyikiwa na nyingi ndiye anayeanza kuelemewa. Familia nyingi zenye "moyo" ziko katika kundi hili.

Ya pili ni gogo moja. Mfano unaofahamika zaidi ni kolesteroli kubwa ya kurithi. Seli za ini zina vipokezi, tuvifikirie kama milango, ambavyo hukamata chembe za kolesteroli aina ya LDL zinazopita kwenye damu na kuziingiza ndani zikashughulikiwe. Jeni, yaani kinasaba, ya kipokezi hicho ikiwa na hitilafu, karibu nusu ya milango haipo au haifunguki, na LDL inabaki ikizunguka tangu mtoto anapozaliwa. Michael Brown na Joseph Goldstein waliugundua utaratibu huo na wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Hali hii humpata takriban mtu mmoja katika kila 250 hadi 300, kwa hiyo haistahili kuitwa ugonjwa adimu. Asipotibiwa, karibu nusu ya wanaume walio nayo hupatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya kufika miaka 50.

Wakati mwingine inaonekana kwa macho na kugusika kwa vidole. Kamata kano iliyo nyuma ya kifundo cha mguu, ile inayoshuka hadi kisigino. Kwa kawaida ni nyembamba, ina kingo, na unaisikia kama kamba iliyovutwa. Kwa baadhi ya watu wenye kolesteroli ya kurithi, kano hiyo imenenepa, ina vinundu, na viatu huwasumbua hapo bila wao kujua sababu. Ni kolesteroli iliyojijenga ndani ya kano kwa miaka. Wengine wana duara jeupe kuzunguka mboni ya jicho kabla ya miaka 45. Wengi hawana dalili yoyote, na ni kipimo cha damu tu kinachowafichua.

Katika familia ya gogo moja hesabu ni rahisi na ni kali: mzazi mwenye hitilafu humpa kila mtoto nafasi ya nusu kwa nusu. Nakala moja ya jeni mbovu inatosha. Kwa hiyo yule aliyesema wazazi wake hawana undugu na hana cha kurithi amekosea hapa. Hitilafu ya namna hii humhitaji mzazi mmoja tu. Ndivyo ulivyo pia unene wa msuli wa moyo wa kurithi, unaopatikana kwa takriban mtu mmoja katika kila 500, ambao ni miongoni mwa sababu zinazojulikana za wanamichezo vijana kuanguka na kufa.

Nakala mbili kutoka kwa bibi mmoja

Undugu wa wazazi hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa, na inafaa tuifuate polepole.

Kila jeni tunayo kwa nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Hitilafu nyingi ni fiche: nakala moja ikiharibika, nyingine hufanya kazi ya zote mbili na mtu haugui. Anaitwa mbebaji. Inaaminika kwamba kila mmoja wetu hubeba hitilafu fiche kadhaa na kufa na uzee wake bila kujua. Shida huja pale mtoto anapopata nakala mbovu kutoka pande zote mbili.

Chukua bibi mmoja mwenye nakala moja mbovu. Amezaa mwana na binti. Mwana ana mtoto, binti ana mtoto, na wajukuu hao wawili, mabinamu, wanaoana. Ili kitukuu apate nakala ile mbovu kutoka upande wa baba yake, lazima ivuke hatua tatu: kutoka kwa bibi, kwa mzazi, kwa mjukuu, hadi kwa kitukuu. Kila hatua ni kama kurusha sarafu. Upande wa mama nao una hatua tatu. Sarafu sita zote ziangukie upande ule unaopitisha nakala mbovu: uwezekano ni 1 kati ya 64. Lakini bibi ana nakala mbili za jeni hiyo na babu ana mbili, jumla nne, na yoyote kati ya hizo inaweza kumfikia kitukuu mara mbili. Nne zidisha 1/64 ni 1/16. Kwa wastani, basi, mtoto wa mabinamu wa kwanza ana nakala pacha, zilizotoka kwa babu au bibi yule yule, katika takriban asilimia 6 ya vinasaba vyake.

Kipimo hicho kilianzishwa na Mmarekani Sewall Wright mwaka 1922. Wazazi wake mwenyewe walikuwa mabinamu wa kwanza. Miaka ishirini kabla yake, mwaka 1902, daktari Mwingereza Archibald Garrod alikuwa amegundua kwamba watoto wenye ugonjwa mmoja adimu wa kurithi, ambao mkojo wao hugeuka mweusi, walizaliwa na mabinamu kwa wingi usio wa kawaida. Huo ulikuwa mlango wa kwanza wa kuelewa magonjwa fiche kwa binadamu.

Sasa sikiliza jambo linalosahaulika. Hatari ya undugu hutegemea jinsi hitilafu ilivyo adimu. Tuseme mume ni mbebaji wa hitilafu ambayo watu wa kawaida huibeba mmoja kati ya 1,000. Akimwoa mtu wa mbali, uwezekano wa mtoto kuugua ni kama 1 kati ya 4,000. Akimwoa binamu yake wa kwanza, ambaye ana nafasi 1 kati ya 8 ya kubeba hitilafu hiyo hiyo, unakuwa kama 1 kati ya 32. Kwa hitilafu iliyoenea kwa watu wengi, pengo linakuwa dogo sana, maana hata mtu wa mbali angeweza kuwa nayo.

Kwa hiyo undugu wa wazazi hujionyesha zaidi katika magonjwa adimu ya utotoni. Kwenye moyo, huonekana katika maumbile: tundu kati ya vyumba, vali iliyoumbika vibaya, mishipa mikubwa iliyokaa mahali pasipo pake. Takriban mtoto mmoja katika kila mia huzaliwa na hitilafu ya moyo, hata pale ambapo wazazi hawana undugu wowote, na tafiti nyingi katika jamii ambazo mabinamu huoana zimeona idadi hiyo ikipanda miongoni mwa watoto wa ndoa hizo. Katika mji wa Bradford, Uingereza, utafiti uliofuatilia zaidi ya watoto 11,000 na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba hatari ya kuzaliwa na kasoro ya maumbile ya aina yoyote, moyo ukiwemo, huongezeka kutoka karibu asilimia 3 hadi karibu 6 kwa watoto wa mabinamu wa kwanza. Ni mara mbili, na ni jambo la kuwaeleza vijana kabla hawajaoana. Lakini soma pia upande wa pili wa hesabu: karibu watoto 94 katika kila mia walizaliwa bila kasoro. Anayewaambia wazazi waliooana kindugu kwamba wamejitakia msiba anawaumiza bure, na anapotosha.

Magonjwa fiche mengine hugusa umeme au msuli wa moyo. Mwaka 1957 Anton Jervell na Fred Lange-Nielsen walieleza habari za familia moja ya Norway yenye watoto sita. Wanne walizaliwa viziwi na walikuwa wakizimia. Watatu kati ya hao walikufa ghafla, wakiwa na miaka 4, 5 na 9. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha kwamba moyo wao ulichukua muda mrefu mno kujipanga upya baada ya kila pigo. Uziwi na moyo vilikuwa kitu kimoja: njia ile ile ya chumvi ya potasiamu inayotumiwa na moyo hutumiwa pia na sikio la ndani. Leo ugonjwa huo unajulikana kuwa mwingi zaidi pale wazazi wanapokuwa na undugu. Mtoto aliyezaliwa kiziwi na ambaye huzimia anapoogopa au anapokimbia anahitaji kipimo cha umeme wa moyo haraka, wala asiambiwe ana kifafa mpaka kipimo hicho kimefanyika.

Na kisiwani Naxos, Ugiriki, daktari Nikos Protonotarios na wenzake waliripoti mwaka 1986 familia ambazo ngozi ya viganja na nyayo ilikuwa nene isivyo kawaida, nywele zilikuwa na msokoto wa sufi tangu kuzaliwa, na moyo ulipiga ovyo ovyo hata kuua. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 2000. Inatengeneza protini inayounganisha seli na seli, na kazi hiyo inahitajika sana mahali panapovutwa na kusuguliwa: kwenye viganja, kwenye nyayo, na kwenye moyo unaopiga bila kupumzika. Mkunga aliyefundishwa anaweza kuishuku hali hiyo kwa kutazama nywele za mtoto, miaka mingi kabla moyo haujaanza kusumbua.

Je, undugu wa wazazi huziba mishipa ya mtu mzima?

Hapa ndipo habari huvurugika zaidi, na naomba uvumilivu wa msomaji.

Mwaka 2004 utafiti wa Karachi, Pakistan, uliwalinganisha watu 193 waliopata mshtuko wa moyo wakiwa na miaka 15 hadi 45 na wengine idadi hiyo hiyo wasioupata. Miongoni mwa vihatarishi vilivyojitokeza ni sigara, sukari na kolesteroli kubwa, baba aliyeugua moyo, na wazazi wenye undugu. Hicho cha mwisho kilikuwa na uzito wa karibu mara nne, sawa na sigara. Mwaka mmoja nyuma, utafiti wa vijiji 25 vya visiwa vya Kroatia ulikuwa umeona shinikizo la damu likipanda kadiri wazazi walivyokuwa na undugu wa karibu.

Ukisoma hizo mbili tu, utaamini jambo limekwisha. Lakini katika jamii ambamo mabinamu huoana, wanaooana hivyo huweza kutofautiana na wengine kwa kipato, kwa elimu na kwa mahali wanapoishi, na hayo yenyewe hugusa moyo. Kuyatenganisha yote kwa wagonjwa mia mbili ni kazi ngumu. Mwaka 2015 ukachapishwa uchambuzi wa watu zaidi ya 350,000 kutoka sehemu nyingi za dunia, safari hii bila kutegemea maelezo ya ukoo. Watafiti walipima kwenye kromosomu zenyewe vipande virefu vya nakala pacha, alama ya moja kwa moja ya wazazi wenye asili moja. Walikuta athari ndogo kwenye urefu wa mwili na kwenye uwezo wa mapafu. Kwenye shinikizo la damu na kolesteroli ya LDL hawakukuta athari.

Mimi naupa utafiti huo uzito mkubwa zaidi, na sababu iko kwenye vile vijiti vidogo. Mishipa huziba kwa mkusanyiko wa sehemu nyingi za kawaida, kila moja ikiongeza kidogo juu ya nyingine. Mabinamu wakioana, vijiti hivyo haviongezeki katika ukoo. Vinagawanywa tu kwa namna isiyo sawa: mtoto huyu anaangukiwa na vingi, yule anapata vichache, na wastani unabaki pale pale. Kwa ugonjwa wa kawaida wa mishipa ya moyo, basi, kuuliza kama wazazi wako ni mabinamu hakukuambii mengi. Kuuliza kama baba yako aliugua akiwa na miaka 48 kunakuambia mengi sana.

Pale njia mbili zinapokutana

Kuna mahali pamoja ambapo maswali yote mawili yanakuwa swali moja, nako ni kwenye kolesteroli ya kurithi. Nakala moja mbovu humwuguza mtu mzima. Nakala mbili humwangamiza mtoto. Milango ya ini inakuwa karibu hakuna, LDL inapanda mara kadhaa juu ya kawaida, vinundu vya manjano vinatokea kwenye viwiko, magoti na kati ya vidole tangu utotoni, na mshtuko wa moyo unaweza kuja kabla ya miaka 20. Wazazi wote wawili wakiwa na nakala moja moja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa hivyo. Mabinamu kutoka ukoo ambao wajomba walikufa kwa moyo wakiwa vijana wako katika hatari hiyo hasa, na kipimo cha kolesteroli kwa wote wawili kabla ya kuzaa ni jambo jepesi.

Undugu huo si lazima ukumbukwe na mtu. Miongoni mwa Waafrikana wa Afrika Kusini, watu wa Quebec wenye asili ya Kifaransa, na Walebanoni, hali hii ni nyingi kuliko kwingine, kwa sababu wengi wametokana na mababu wachache ambao baadhi yao walikuwa nayo. Watu wawili wanaooana hapo wanaweza kuapa kwa dhati kwamba hawana undugu, na vinasaba vikasema vingine.

Urithi pia huleta ulinzi. Mwaka 2003 watafiti nchini Ufaransa walipata, katika familia zenye kolesteroli kubwa, hitilafu kwenye jeni iitwayo PCSK9, ambayo kazi yake ni kuharibu ile milango ya ini. Miaka mitatu baadaye ikaonekana nchini Marekani kwamba takriban asilimia 2.6 ya Wamarekani weusi waliochunguzwa walikuwa na jeni hiyo ikiwa imezimika kwa nakala moja. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa umepungua kwao kwa asilimia 88. Dawa zinazoiga bahati hiyo zilianza kuidhinishwa mwaka 2015.

Hata aliyebeba vijiti vingi hajafungwa mikono. Mwaka 2016 watafiti waliochambua habari za watu zaidi ya 55,000 waliona kwamba, miongoni mwa wenye hatari kubwa ya kurithi, wale wasiovuta sigara, wasio na unene uliopitiliza, wanaofanya mazoezi na kula vizuri walikuwa na matukio ya moyo pungufu kwa karibu nusu kuliko wenzao wenye vinasaba vya hatari ile ile walioishi kinyume na hivyo. Kwa familia ya gogo moja, nitasema wazi: mwenendo mzuri peke yake hautoshi, dawa zinahitajika, na kuanza mapema ndiko kunakookoa.

Ukiamua kuandika habari za ukoo wako, karatasi moja inatosha. Weka babu na bibi juu, wazazi na ndugu zao katikati, wewe na mabinamu chini. Pembeni ya kila jina andika aliugua nini na akiwa na umri gani, hata kama ni kwa makadirio. Vifo vya ghafla vya vijana usiviache, hata vile vilivyoitwa ajali: mtu aliyejua kuogelea vizuri na akazama kwenye maji matulivu, au dereva aliyetoka barabarani peke yake bila sababu, pengine umeme wa moyo ulimkatikia. Wenzi wakiwa na undugu, wachore kwa mistari miwili kati yao, kama wafanyavyo madaktari wa vinasaba. Kisha ipeleke karatasi hiyo kliniki, na usiridhike na alama kwenye Ndiyo.

Mmoja wenu akikutwa na kolesteroli ya kurithi, wanaofuata kupimwa ni wazazi wake, ndugu zake na watoto wake, na kutoka kwa kila atakayepatikana, wa kwake tena. Mwongozo wa Uingereza unataka mtoto wa mzazi mwenye hali hiyo apimwe kabla ya kufika miaka 10. Kama baba na mama wote wanayo, apimwe kabla ya miaka 5.